Seva ya mafaili nyumbani Dar: Raspberry Pi, kompyuta ya mtumba au kifaa cha dukani?

Umeme ulirudi saa nane usiku. Feni ilianza kuzunguka, ikasimama, ikazunguka tena, na katikati ya hapo nikasikia mlio ambao mpaka leo ukinijia nashtuka: tik, tik, tik, kimya, halafu tik, tik, tik. Ilikuwa eksteno, yaani diski ya nje, ya terabaiti mbili niliyoichomeka nyuma ya ruta, na ndani yake mlikuwa na sendofu mbili na harusi moja nilizopiga picha mwezi ule. Asubuhi fundi aliiweka sikioni kama anasikiliza saa ya ukutani, akaniambia, "Dada, hapa kichwa kimeshakwaruza sahani." Wateja wawili waliniwia radhi. Wa tatu alikuwa amemzika mama yake wiki mbili baada ya harusi.

Ndipo nilipoanza kujenga seva yangu ya mafaili, yaani mashine inayowaka saa zote na kutunza mafaili ya nyumba nzima, hapa hapa Tabata. Nimeanza na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nikaja kwenye kompyuta ya mtumba ambayo sasa ina miaka minne sebuleni, na kifaa cha dukani, yaani kisanduku kinachouzwa tayari kwa kazi hii, nakihudumia ofisini kwa kaka yangu Upanga. Kwa hiyo ninapozilinganisha hapa chini nimezishika zote kwa mikono yangu. Watu wengi huuliza ipi ina kasi. Mimi nauliza mambo mawili: ipi itaamka salama umeme ukirudi, na ikiharibika, nani hapa mjini ataitengeneza?

Kabla ya hapo, neno moja kwa anayesema, "Si uweke tu mtandaoni?" Google Photos iliacha kuhifadhi picha bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, na gigabaiti 15 za bure ni harusi moja, pengine nusu yake. Ukilipia nafasi zaidi, bado kuna kazi ya kupandisha. Terabaiti mbili kwa mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde ni siku 18 usiku na mchana bila kupumzika. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, wengi wetu tuligundua kwamba mafaili yetu yako salama kabisa mahali ambapo hatuwezi kufika. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri kwa mafaili machache ya thamani sana. Mengine yakae nyumbani.

Anza na LUKU

Seva haizimwi, kwa hiyo hesabu ya umeme inakuja kabla ya bei ya mashine. Kwa bei ya kawaida, shilingi 1,000 ya LUKU inatoa uniti 2.8, yaani kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Hizi ndizo hesabu zangu kwa mwezi wa siku 30, kila mashine ikiwa na diski mbili:

| Mashine | Wati | Uniti kwa mwezi | Shilingi |
|---|---|---|---|
| Raspberry Pi | 12 | 8.6 | 3,100 |
| Kifaa cha dukani | 17 | 12.2 | 4,400 |
| Kompyuta ya mtumba ya ofisini, ya umbo dogo | 35 | 25.2 | 9,000 |
| Kompyuta kubwa ya zamani | 90 | 64.8 | 23,100 |

Kompyuta kubwa ya zamani nimeiweka ili uione tu na uiache. Ukipewa bure, umepewa deni.

Lakini jedwali hilo linaficha jambo ambalo kwa nyumba nyingi za Dar ndilo linaloamua. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, unalipa kama shilingi 122 kwa uniti. Tuseme nyumba yako inakula uniti 60: unalipa shilingi 7,300 hivi. Ongeza kompyuta ya mtumba, unafika uniti 85, umevuka. Ukishahamishiwa bei ya kawaida, uniti zote 85 zinakugharimu shilingi 30,300. Hapo seva haikuli tena shilingi 9,000 kwa mwezi, inakula 23,000. Raspberry Pi kwenye nyumba hiyo hiyo inakufikisha uniti 69 na unabaki ulipo. Angalia risiti zako za LUKU za miezi mitatu kabla hujaenda dukani.

Raspberry Pi

Naipenda sana mashine hii, na sitamshauri mtu aiwekee picha za wateja. Kuanzia Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ina mlango wa mtandao wa gigabiti kamili na USB 3.0, kwa hiyo kasi si tatizo. Iko kimya, haina joto kali, na benki ya umeme ndogo inaweza kuishikilia pamoja na ruta kwa muda.

Shida ziko mbili. Ya kwanza ni kadi ndogo ya kumbukumbu inayobeba mfumo wake. Kadi hizi hazipendi kukatiwa umeme zikiandika. Yangu ilikufa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, mpaka nilipohamishia mfumo kwenye SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya USB. Ya pili ni lishe ya diski. Raspberry Pi 5 inataka adapta ya volti 5 na ampea 5. Ukiipa ya ampea 3, inabana umeme wa milango yote ya USB kwa pamoja usizidi miliampea 600. Diski ya nje inapoanza kuzunguka inahitaji zaidi ya hapo. Matokeo yake diski inaonekana, inapotea, inaonekana, na wewe unadhani diski ni mbovu wakati ina njaa. Dawa ni kigawio cha USB (USB hub) chenye adapta yake mwenyewe. Ukijumlisha kigawio, adapta, SSD na kasha, ule unafuu wa bei uliokuvutia umeshaondoka.

Ikifa, hakuna cha kutengeneza: unanunua nyingine. Na si kila duka la Kariakoo linayo.

Kompyuta ya mtumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoiamini na ndiyo yenye mitego mingi.

Nazungumzia zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika maofisini Ulaya zikaletwa huku kwa kontena. Tafuta yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita au zaidi na RAM ya gigabaiti 8. Kwa seva ya nyumbani hiyo nguvu inabaki.

Nilipokwenda kununua yangu, kijana wa dukani aliifuta vumbi akaiweka mbele yangu. "Dada, hii imetoka ofisini Ulaya, haina hata mkwaruzo."

"Kaka yangu, mkwaruzo haunisumbui. Nifungulie mfuniko."

Ndani nilihesabu mambo matatu. Nafasi za diski kubwa: umbo dogo mara nyingi lina moja tu, na ukitaka mbili itabidi uchukue la mnara. Milango ya SATA, inakochomekwa diski, kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Na nyaya za umeme za diski, kwa sababu kwenye Dell nyingi za miaka hii nyaya hizo zinatoka kwenye madabodi, hazitoki kwenye paua saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Na paua saplai yenyewe si ya kawaida: plagi yake ni ya Dell. Ikiungua huwezi kuweka ile inayouzwa kila duka. Habari njema ni kwamba mashine hizi ni nyingi mno mjini, na mafundi wanazo zilizokufa zinazochinjwa kwa ajili ya vipuri. Yangu iliungua mwaka wa pili. Nilipata nyingine siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Hilo kwangu lina uzito kuliko kasi yoyote.

Kisha kuna kitu kidogo kilichonitesa miezi miwili. Umeme ukikatika na kurudi, seva haikurudi. Nikiiwasha kwa mkono inawaka bila shida. Niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, nikaweka kwamba umeme ukirudi iwake yenyewe, nikaenda Morogoro kwa shemeji, umeme ukakatika, na seva ikalala siku tatu. Niliporudi nikaunganisha skrini kwa mara ya kwanza, nikakuta imesimama kwenye maandishi meupe inasubiri mtu abonyeze F1. Kumbe betri ya madabodi, ile ya duara kama shilingi, ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika saa inajifuta, mipangilio inajifuta, na mashine inasubiri idhini ya binadamu. Betri yenyewe inaitwa CR2032, fundi saa yeyote anayo. Ukinunua kompyuta ya mtumba ya kuwa seva, badilisha betri hiyo siku ya kwanza, usiulize kama bado nzima.

Kifaa cha dukani

Synology na QNAP ndio majina utakayokutana nayo. Unatia diski mbili, unafuata maelekezo kwenye skrini, na ndani ya saa moja familia nzima ina mahali pa kuweka mafaili. Programu zake za simu zimekamilika kuliko chochote nilichowahi kujenga kwa mkono. Kinakula umeme kidogo, hakina kelele, na hata mtu asiyejua chochote anaweza kukiendesha. Ofisini kwa kaka yangu hakuna fundi, na kwa miaka mitatu nimeitwa mara moja tu.

Unalipia utulivu huo. Kisanduku kitupu bila diski mara nyingi kinazidi bei ya kompyuta ya mtumba zaidi ya mara mbili, na nguvu yake ni ndogo. Pia mwenye sheria ni aliyekitengeneza. Mwaka 2025 Synology ilitaka baadhi ya vifaa vyake vipya vitumie diski zenye nembo yake; wateja wakapiga kelele, na ilipofika Oktoba ikalegeza. Kwa tulio mbali na maduka makubwa ya diski, sharti kama lile lingekuwa kufungiwa mlango.

Adapta ikiungua, soma volti na ampea utafute inayolingana. Madabodi yake ikiungua, usimtafute fundi wa kuibandua. Chukua diski zako, uzichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, mfumo wa bure wa kompyuta: kwa Synology mafaili kwa kawaida yanasomeka, mradi mtu ajue anachofanya.

Programu: OpenMediaVault au TrueNAS

Hizi ndizo programu zinazoigeuza kompyuta kuwa seva, na kwa anayejenga mwenyewe zote mbili ni za bure. OpenMediaVault imekaa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, ni nyepesi, inakubali mashine dhaifu na diski za ukubwa tofauti. TrueNAS inataka angalau gigabaiti 8 za RAM na nidhamu zaidi, lakini inakuja na ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, na ZFS ina sifa mbili zinazotufaa sana. Haiandiki juu ya data ya zamani: inaandika pembeni kwanza, ikikamilika ndipo inahamisha anwani, hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili unabaki kama ulivyokuwa sekunde chache kabla. Na inaweka alama ya uhakiki kwenye kila kipande, hivyo picha ikianza kuoza kimyakimya ndani ya diski, itakuambia, na kama kuna nakala ya pili inairekebisha yenyewe.

Kwa kompyuta ya mtumba mimi nimechagua TrueNAS. Kwa Raspberry Pi, OpenMediaVault bila kufikiri mara mbili. TrueNAS haijatengenezwa kwa ajili yake.

Pesa iende kwenye diski

Mashine yoyote utakayochagua, diski ndizo zitakula bajeti, na ni sawa. Kwa seva tafuta diski za aina ya CMR. Kuna aina nyingine, SMR, inayolaza mistari ya data kama vigae vya paa. Kuandika upya mstari mmoja kunalazimisha kuandika na majirani zake, na kundi la diski zinazofanya kazi pamoja linapojijenga upya inaweza kukwama hadi ikatolewa kundini. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya WD Red, diski zilizouzwa mahsusi kwa seva, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Sasa zile za CMR zinaitwa Red Plus. Soma namba ya modeli, usisome rangi ya lebo.

Diski ya mtumba? Inawezekana, ukiipima. Nenda na fleshi yenye Linux, washa kompyuta ya dukani kwayo, uendeshe smartctl, programu ya kusoma afya ya diski. Tazama sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri: zote ziwe sifuri. Tazama saa ilizowaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 43,000 imeshafanya kazi miaka mitano bila likizo. Ikiwa ni Seagate, usiamini kipimo hicho peke yake. Mapema mwaka 2025 zilikamatwa sokoni diski zilizotumika ambazo saa zake zilifutwa zikauzwa kama mpya. Kumbukumbu ya ndani inayoitwa FARM ndiyo iliyozisaliti, na smartctl ya sasa inaisoma. Muuzaji akikataa usipime, ondoka kwa heshima.

Sasa jambo ambalo nabishana nalo na marafiki kila mara. Una pesa ya diski mbili tu. Wengi watakuambia uziunganishe kama kioo, kila kitu kiandikwe kotekote. Mimi nasema hapana. Kioo kinakulinda diski moja ikifa. Hakikulindi ukifuta folda kwa makosa, kwa sababu inafutika kote kwa sekunde ile ile. Hakikulindi na mwizi, wala na radi iliyopita kwenye waya, wala na maji. Sisi wa bonde la Msimbazi tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Ukiwa na mbili, moja iwe ndani ya seva, ya pili iwe nakala unayoichomeka kila Jumapili, ukaichomoa, ukaiweka kwingine. Kioo kije ukipata diski ya tatu. Diski yangu nyingine ya nakala inakaa Kigamboni kwa dada yangu, imefungwa kwa nywila, na tunabadilishana kila mwisho wa mwezi tukikutana.

UPS, joto na chumvi

UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika mashine umeme ukikatika, hata ikiwa ndogo ya VA 650 inaishika kompyuta ya wati 35 zaidi ya nusu saa betri ikiwa nzima. Lakini muda huo hauna maana kama hujachomeka waya wa USB kutoka UPS kwenda kwenye seva. Waya huo ndio unaoiambia seva "umeme umekatika, betri inaisha, funga mafaili ujizime." TrueNAS na OpenMediaVault zote zinaujua, na vifaa vya dukani pia. Nimeona nyumba nyingi zina UPS ya gharama na waya bado uko ndani ya boksi. Ruta nayo iwe kwenye UPS hiyo. Kabla ya UPS mimi nimeweka kile kikasha cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuupitisha. Ule usiku wa tik tik ulitokana na umeme kurudi mara mbili. Betri ya UPS kwa joto letu ihesabie miaka miwili, mitatu.

Kuanzia Novemba hadi Machi diski zangu zinapanda hadi nyuzi 44. Zikivuka 50 nahamisha mashine au naongeza feni. Usiifungie kabatini, usiiweke sakafuni. Walioko Mbezi Beach, Msasani na Kigamboni wana adui wa ziada, hewa ya chumvi, inayooteshea kutu ya kijani kwenye meno ya RAM. Kila miezi mitatu zima, puliza vumbi, chomoa RAM, pangusa kwa spiriti, rudisha. Na angalia mijusi: wanapenda joto la paua saplai, na mmoja akigusa pasipostahili mnakufa wote, yeye na seva.

Kuifikia ukiwa mbali

Intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya mtandaoni iliyo yako peke yako, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta ili uingie kutoka nje hakutasaidia. Na hata ukiweza, usifungue: mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifungia mafaili ya watu wengi wenye vifaa vya QNAP vilivyoachwa wazi mtandaoni. WireGuard au Tailscale zinatosha kwa mashine zote tatu. Ila hizo ni VPN, yaani njia ya siri ya kuingia nyumbani kupitia intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaozitumia watoe taarifa zao. Fuata utaratibu huo kabla hujaanza.

Ningechagua nini

Kwa nyumba iliyo chini ya uniti 75, inayotaka kuhifadhi picha za familia na nyaraka za shule: Raspberry Pi yenye mfumo kwenye SSD, diski moja kwenye kigawio chenye adapta, na eksteno ya pili ya Jumapili.

Kwa ofisi ndogo, kliniki, au wazazi wanaoishi peke yao: kifaa cha dukani. Usiwajengee watu mashine ambayo ni wewe tu unayeielewa.

Kwa mpiga picha, mhariri wa video, mwanafunzi wa kompyuta, yeyote ambaye mafaili ndiyo ugali wake na yuko tayari kushika bisibisi: kompyuta ya mtumba ya mnara, betri mpya ya CR2032, TrueNAS, na UPS yenye waya wake umechomekwa. Kisha mara moja kwa mwezi chagua faili moja la zamani kwenye ile diski ya nakala, ulifungue, uone kama linafunguka. Mwezi huu nilifungua harusi ya mwaka 2022, Mbagala, picha ya bibi harusi akicheka na shangazi zake, na ilifunguka.